Mwaka wa Paka Asiye na Mkia

Makasha ya karo yamepangwa kando ya mlango wangu tangu Jumatatu. Ni vigae vyeupe vinavyong'aa kama meno ya mtoto, na mwanangu mkubwa, Tomasi, alivipandisha kutoka Goma kwa ajili ya kaburi la mama yake. Mke wangu Elizabeti alitutoka wakati wa kuvuna maharagwe, na kabla ya kutoka alisema neno moja tu juu ya mazishi: "Jiwe hapana." Watoto walimsikia wote, kisha wakakubaliana kwamba ile ilikuwa homa inayosema. Jana jioni, tulipokuwa tunakula, Tomasi aliweka kijiko chini akaniambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "Papa, batu batasema tulizika mama kama mbwa." Maneno yale niliwahi kuyasikia, kwa sauti ya mama yake mwenyewe, msituni Walikale, katika mwaka ambao uliniumba kuliko miaka mingine yote. Nitaueleza mwaka huo jinsi ulivyokuwa, pamoja na upumbavu wangu ndani yake, kwa sababu watoto wangu wanajua mwisho wake tu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikawa monitor, mwalimu wa watoto wadogo, katika shule moja ya misioni kule Masisi, na nilitembea kama mtu aliyeikamata dunia kwa masikio yake. Nilikaa katika chumba kidogo nyuma ya shule, chenye kitanda cha mianzi na dirisha linaloangalia ng'ombe kwenye kilima cha pili. Elizabeti alifanya kazi dispansari, akifunga vidonda na kupima dawa. Alikuwa chotara. Mama yake, mwanamke wa Kinyanga kutoka Walikale, alikufa mapema, na baba yake alikuwa Mzungu wa machimbo ya bati aliyekufa Elizabeti akiwa bado mdogo. Wakati ule watoto wa namna hiyo walikusanywa na kulelewa mbali na kwao, naye alilelewa hivyo, kwenye bweni la wasichana. Huko mlezi mmoja alimwambia kwamba baba yake alikufa mpagani, akazikwa porini bila msalaba, na kwamba afadhali asiulize. Basi hakuuliza. Lakini niliona jinsi alivyonyamaza kila watu walipotaja makaburi ya kwao, na unyamavu huo njo, huo ndio, ulinivuta kwake kabla sijajua ndani yake mlikuwa na nini.

Nilipotaka kumwoa, wazee wa kwetu walikaa nyumbani kwa baba mkubwa Bauma, ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu. Mimi niliwekwa chumba cha pili na sahani ya viazi na maharagwe, ukuta wa matete katikati yetu, na nilisikia yote. "Ule musichana ni muzuri," alisema baba mkubwa, "na mikono yake inaponyesha batu. Lakini mbuzi tutapatia nani?" Shangazi yangu, ambaye ulimi wake uliogopwa hata na soko la Sake, akadakia, "Tutazifunga ku muti na kuita: Weee Muzungu, kuja kamata mbuzi zako!" Wakacheka mpaka pombe ya kasiksi ikamwagika. Nilikasirika, lakini nilijua maana yake. Kwetu mahari haitupwi hewani. Lazima uwepo mkono wa kupokea, na ni mkono wa upande wa baba. Mkono huo njo unarudi siku ya ugomvi, siku mtoto anaugua, siku ya kifo. Mwanamke asiye na mkono wa kumpokelea haolewi, anaokotwa. Baba mkubwa alimaliza hivi: "Alete mutu wa kwabo, atuambie baba yake ni nani, na baba ya baba yake. Akimuleta, tutatoa mbuzi na furaha. Akikosa, basi."

Nilipompelekea Elizabeti habari hiyo, alikuwa anachemsha sindano. Hakulia. Alisema, "Basi tuende tumutafute." Likizo ya shule ilipofika tulipanda kamio, lori lililokuwa linarudi machimboni kuchukua bati, sisi wawili pamoja na Mama Veronika, mjane aliyesimamia wasichana wa misioni, mnene na mcheshi, ambaye aliketi katikati yetu safari nzima kama mlango wenye kufuli. Mahali barabara ilipokwisha, tukatembea. Mimi mtoto wa vilima nilikuwa sijawahi kukaa mahali ambapo mtu haoni mbali, na msitu ule ulinikaba. Mama Veronika aliniambia, "Monitor, pumua. Miti hailipishi."

Tulimkuta mjomba wake kwa sababu ya kengele. Wanyanga huwafunga mbwa wao wa kuwinda kengele za mti shingoni, na kabla ya kuona kijiji tulisikia kengele hizo zikishuka mtoni, kisha mbwa, kisha mtu mrefu mwenye wavu begani. Huyo alikuwa Papa Kahombo, kaka wa mama yake Elizabeti. Tulipomwambia huyu ni nani, alimgeuza Elizabeti kichwa upande, akamwangalia sikio. "Ni ya Filipo, baba yake," alisema. "Pua alituachia siye, lakini masikio alileta yake." Usiku ule mkewe alitupikia lituma ya ndizi zilizopondwa na nyama ya moshi yenye uyoga, na Elizabeti alikula kama mtu aliyerudi kutoka kazini, si kama mgeni.

Kesho yake alitupeleka kaburini. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na mteremko kidogo juu ya mto, majani ya kawaida, na mti mmoja ulioanguka zamani. "Hapa," alisema Papa Kahombo. Elizabeti akauliza, "Musalaba iko wapi?" "Hakuna." "Jiwe?" "Hakuna." Ndipo akaketi chini na nguo yake nzuri ya safari, akasema maneno yale, "Mulimuzika kama mbwa." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Papa Kahombo hakukasirika. Aliketi mbele yake, akaweka mkuki kando. "Hapana, mutoto wangu. Mbwa wangu muzuri nilimuzika na kengele yake. Nilitaka kuwekea baba yako kitu kikubwa kushinda. Yeye mwenyewe njo alikatala."

Hapo akatueleza, taratibu, akirudi nyuma kila aliposahau, na asubuhi ile yote ilipita. Filipo alitoka kisiwa kidogo cha baridi kinachoitwa Man, chenye vilima na ukungu, "kama kwenu Masisi, lakini bahari inazunguka." Watu wake waliitwa Wakweka. Wao wenyewe walijiita Marafiki. Walisali kwa kukaa kimya, bila padri, bila wimbo, mpaka mmoja apewe neno. Hawakuapa kwa kitu chochote, maana anayeapa leo anakiri kwamba jana alikuwa anaweza kudanganya. Hawakuvua kofia mbele ya mkubwa. Walipokataa kulipa fungu la kanisa, ng'ombe wao walichukuliwa pamoja na nafaka, na wao wakafungwa chini ya kanisa lenyewe, katika chumba cha mawe kilichosikia bahari. Kisha wakapakiwa merikebuni watupwe nchi nyingine, na nchi nyingine ikawarudisha, na wakatupwa tena. Waliobaki walizikana katika shamba lao wenyewe, bila jiwe hata moja, ili tajiri asilale juu kuliko maskini. "Filipo alisema: mimi pia mutanilaza vile. Nilimuambia batu batacheka. Akasema, hata kule balicheka."

"Weye ulijua je haya yote?" aliuliza Elizabeti. Na jibu la mjomba wake njo lililobeba ndoa yetu, ingawa mimi sikulitambua saa ile. Filipo alipomwoa dada yake, alitoa mbuzi na mbwa kama mtu yeyote, na Kahombo akataka wachanjane damu wawe ndugu. Filipo akakataa, kwa kuwa kuchanjana damu ni kiapo. Kahombo akanuna kwa msimu mzima. Mwishoni Filipo akaja na shauri: badala ya damu, wabadilishane mababu. Kila Jumapili, baada ya kukaa kimya kwao, Kahombo angemfundisha jina la babu mmoja wa Kinyanga, naye angemfundisha babu mmoja wa kisiwani. "Nilimupatia bangu, akanipatia babo. Yeye alikufa na bangu ku kichwa. Miye niko na babo." Akafumba macho, akawataja: Filipo wa Tomasi, Tomasi wa Yohana, Yohana wa Robati, Robati wa Yohana mwingine aliyefungwa chini ya kanisa, na mke wake Anna aliyemfuata merikebuni. Elizabeti alirudia kila jina kwa sauti ndogo. Alipofika kwa Anna, alicheka na kulia pamoja. Mpagani wa porini alikuwa na ukoo mrefu kuliko wangu.

Tulipokuwa tunashuka kutoka kaburini, Papa Kahombo alisimama ghafula. "Kitu kimoja tu njo kinanisumbua. Filipo hakunidanganya hata siku moja. Lakini alisema kwabo paka haina mukia." Mama Veronika akauliza kama mikia inakatwa. "Hapana, Mama. Inazaliwa vile." Mama Veronika alishika mti asianguke kwa kicheko. Mjomba aliahidi kuja Masisi mwezi ukiandama, nasi tukarudi, Elizabeti akitembea mbele akitaja majina yale kwa mwendo wa miguu yake.

Mwezi uliandama, ukajaa, ukaanza kulika, na Papa Kahombo hakuonekana. Mvua ilikuwa imekataa kukoma. Baba mkubwa alisema familia haiwezi kungoja kama kuku chini ya gari, akaweka siku. Hapo nilifanya kosa ambalo ni langu peke yangu. Sikumwambia Elizabeti. Nilishuka mpaka Shasha, kando ya ziwa, nikamtafuta Papa Bahati, mchuuzi wa samaki wadogo waitwao sambaza niliyemfahamu, mtu mwenye sauti nzuri na uso usioona haya, nikamwomba awe Kahombo kwa siku moja. Nilimfundisha kila kitu: kisiwa, ukimya, ng'ombe walionyang'anywa, majina yote mpaka Anna. Alishika haraka kuliko wanafunzi wangu. Nilimwonya juu ya jambo moja. "Paka usimutaje." "Paka gani?" "Asiye na mukia. Batacheka, na shauri litaharibika." Bahati akanitazama kwa huruma. "Monitor, hata miye niko na mupaka. Siwezi kusema vile mbele ya batu bazima."

Siku ilipofika lupango la baba mkubwa, yaani ua wake, lilijaa. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye uzio, wakila maua ya mke wake. Bahati alisimama katika koti nililomwazima, akazungumza vizuri ajabu. Alipofika kwenye ng'ombe walionyang'anywa, wazee wetu wa ng'ombe waliguna kwa uchungu. Shangazi mwenyewe alinyamaza. Nilianza kuhesabu furaha yangu. Ndipo Elizabeti, aliyekuwa ndani pamoja na wanawake kama desturi inavyotaka, akatoka mlangoni. Bibi arusi hatoki saa ile. Alimtazama Bahati, kisha akanitazama mimi, na katika macho yake niliona kwamba ameelewa ni nani aliyefanya kazi hiyo. "Baba mukubwa," alisema, "maneno ni ya kweli, lakini huyu si mujomba wangu. Simujui." Shangazi akapiga kelele, "Mutoto, unajivunjia nyumba!" Elizabeti akajibu, "Afadhali ivunjike leo. Baba yangu hakudanganya, na miye sitaanza ku ndoa yangu. Mujomba atakuja. Mukitaka, mumungojee."

Bahati alivua koti, akalikunja vizuri, akaniwekea magotini, akaondoka bila kungoja chakula. Watu walitawanyika. Baba mkubwa hakunitukana. Alisema tu, "Unafundisha batoto ya batu," akaingia ndani. Elizabeti hakunisemesha. Nilipita dispansari kila asubuhi, nikamwona amekaa nje kabla ya kazi, mikono magotini, kimya. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa anasali kama wao. Nilidhani ni hasira, nami niliistahili.

Papa Kahombo alifika siku ya soko, na Masisi nzima ilimsikia kabla ya kumwona, kwa kuwa alikuja na mbwa wake na kengele zao. Alikuwa na matope mpaka kiunoni na kikapu cha nyama ya moshi kichwani. Maji yalikuwa yamechukua daraja la kamba, yeye na watu wa kijiji wakalisuka upya kabla ya kuvuka. Baba mkubwa aliita wazee tena, safari hii kwa uso mgumu. "Mujomba wa kwanza tulimuona. Na huyu?" Papa Kahombo alianza. Alikuwa mzungumzaji mbaya, Mungu anisamehe. Alirudi nyuma, alisahau, alisema Robati kabla ya Tomasi, akaomba radhi, akaanza tena. Baba mkubwa akamwambia, "Filipo alitoa mbuzi, basi mutoto ni wa Filipo. Weye ni wa upande wa mama. Utapokea na mukono gani?" Mjomba akainua mkono wa kulia. "Na huu. Filipo na miye tulibadilishana bababu. Babu zake ni zangu. Mutu wa mwisho wa ile nyumba mu hii inchi ni miye na huyu mutoto." "Apa ku kaburi ya mama yako," alisema baba mkubwa. "Hapana." Lupango likaguna. "Filipo hakuapa, na miye nikisema ndiyo, ni ndiyo. Mukikatala, nitarudi kwangu na mutoto wangu, bila kinyongo."

Kisha, kana kwamba hajaharibu mambo ya kutosha, Papa Kahombo akakohoa. "Musipate kusema nilificha. Iko kitu moja sikuelewa. Alisema kwabo paka haina mukia."

Kicheko kilichotoka kiliwaamsha mbwa, na kengele zote zikalia. Shangazi alisimama akijifuta machozi. "Siku mutanionyesha hiyo paka, nitacheza hapa katikati ya lupango kama binti wa myaka kumi!" Mimi nilificha uso. Katika mawazo niliona mbuzi wanafunguliwa warudi zizini. Lakini baba mkubwa Bauma hakuwa anacheka. Alikuwa amemkazia macho mtu wa matope, na alipoinua fimbo yake, watu wakanyamaza. "Mujomba wa kwanza," alisema, "aliongea vizuri. Kila kitu chake kilikuwa kizuri. Huyu ametembea musitu muzima, akasuka daraja, akatuletea paka bila mukia, na alijua tutacheka. Muongo angeacha paka kwake." Akageukia mlango walikokaa wanawake. "Na mutoto anayekatala mujomba wa uongo siku ya mahari yake, huyo iko na kwabo. Mufungue mbuzi. Mupatie mwenye mukono."

Vigelegele vya siku ile ningali navisikia. Papa Kahombo alipokea kamba za mbuzi, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: aliketi chini akanyamaza. Elizabeti akatoka, akaketi karibu naye. Mmoja mmoja, bila kuelewa, wazee wetu wenye kelele wakanyamaza pia, na shangazi, na watoto, hata sokoni chini ikawa kama wamesikia. Kisha Elizabeti akafungua macho, akataja baba zake kutoka Filipo mpaka Anna, kwa sauti ya mtu anayeita watu wake waje kula. Kwangu aliongeza neno moja tu, jioni: "Weye njo utakuwa mutu wa mwisho kunidanganya." Nimejitahidi. Si mara zote nilifaulu, na kwa miaka mingi nilikatiza ukimya wake wa asubuhi kwa maswali ya soksi na chai, jambo ninalolijutia leo kuliko uongo wa Bahati.

Hayo njo niliyowaeleza watoto leo asubuhi, wote wakiwa wamekaa juu ya makasha ya karo. Tomasi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ndipo simu ya binti yake mdogo ikalia. Dada yake, mjukuu wangu Furaha, anafanya kazi ya uuguzi Uingereza, na juma hili alivuka bahari mpaka kisiwani. Tulimwona kwenye kioo, kofia ya sufu mpaka machoni, upepo ukimla maneno. Aligeuza simu. Tuliona ukuta mfupi wa mawe, na ndani yake majani tu, yanayolala na kuinuka. Hakuna jiwe. Hakuna jina. "Babu," alipiga kelele, "balilala hapa! Bote! Hata wa zamani!" Nikawataja, kuanzia Elizabeti, na nilipofika kwa Anna sauti yangu haikuvunjika. Tomasi alitazama shamba lile muda mrefu. Kisha akasimama, akapiga kasha la kwanza kwa kiganja, akasema, "Hizi karo tutatia jikoni. Mama alipenda jikoni."

"Mungoje!" alisema Furaha. "Bado!" Picha ikayumba, tukaona mlango wa nyumba alikolala, na kwenye kizingiti paka wa kijivu, mnene, mwenye dharau. Aliinuka, akajinyoosha, akatugeuzia mgongo. Hapakuwa na kitu. Palikuwa mviringo kama yai.

Shangazi yangu alifariki zamani bila kutimiza neno lake. Nilimwomba Tomasi fimbo yangu. Nikaenda katikati ya lupango, mzee wa magoti mabovu, na nikamchezea ngoma yake yote mpaka wajukuu wakaja kunishika mikono, si kunizuia, bali kucheza.